Marahaba, Mtaro Umezibua?

Mtaani kwetu Singe, ukimwamkia Bibi Shamba hukupata marahaba tupu. Ilikuja na mkia.

"Shikamoo, Bibi Shamba."

"Marahaba. Mtaro umezibua?"

Alimjibu hivyo mwenyekiti wa mtaa. Alimjibu hivyo mchungaji, na kijana wa watu aliyekuja kwa mara ya kwanza kujitambulisha ukweni, akabaki ametoa macho. Alimjibu hivyo hata mama mmoja aliyekuwa ametoka kuzika. Yule mama alisimama, akalia upya, kisha akasema bado, na Jumamosi iliyofuata tulimwona barabarani na beleshi.

Mimi aliacha kuniuliza. Kwa misimu miwili ya mvua nilimwamkia kila asubuhi, naye akaniitikia "Marahaba" ikaishia hapo, safi, bila mkia. Mtu wa mbali atasema nilipumzishwa kero. Mimi nasema hakuna kitu nilichokitamani katika misimu hiyo kama kuulizwa tena lile swali. Kosa lilikuwa langu na nitalisema, ila kwanza mumwone yeye alivyo, maana bila hivyo mtadhani nasimulia habari za matope tu.

Jina la Bibi Shamba lilikuwa la kazi. Alikuwa ofisa kilimo zamani, wale waliokuwa wakizunguka vijijini kufundisha watu matuta na mbolea, akastaafu, na jina likagoma kustaafu. Mimi nilimkuta. Nilikuja Babati kutoka Singida kuuza spea za pikipiki, nikanunua kiwanja juu ya kiwanja chake, na siku ya kwanza kabisa, kabla sijashusha hata godoro, aliniletea chai na andazi na kuniuliza maji ya paa langu nitayaelekeza wapi. Nikamwambia sina paa bado. Akasema basi huo ndio wakati mzuri wa kufikiri.

Alivaa gambuti jua likiwaka. Juu alivaa sweta la kijivu na khanga, mkononi fimbo ndefu iliyopakwa duara tatu za rangi nyekundu, moja juu ya nyingine. Fimbo ile haikuwa ya kutembelea, miguu yake ilikuwa mizima kuliko yangu. Ilikuwa ya kuchovya. Mvua ikinyesha alikwenda kwenye kalavati la juu ya mtaa, pale maji ya mlimani yanapoingia kwetu, akaichovya fimbo mtaroni. Maji yakifika duara ya kwanza, kila mtu avae viatu na awe na watoto wake karibu. Duara ya pili, magunia ya mahindi yatoke sakafuni yapande juu. Duara ya tatu anapuliza filimbi ya refa aliyoinunua mwenyewe sokoni, mara tatu ndefu, na mtaa mzima unapanda uwanja wa kanisa la Kilutheri. Mtoto wa chekechea alizijua zile duara kabla ya kujua a, e, i, o, u.

Nyuma ya nyumba yake palisimama nguzo, na juu yake chupa ya maji iliyokatwa shingo. Kila siku ya Mungu, saa tatu kamili asubuhi, alishika rula ya shule akapima mvua iliyoingia humo, akaandika kwenye daftari. Isiponyesha aliandika sifuri. Daftari moja likijaa aliliweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, akaanza jingine, na alifanya hivyo tangu alipostaafu bila kuruka hata Krismasi. Siku moja nilimtania kwamba anaandika barua ndefu kwa mawingu na hayamjibu. Hakucheka. Aliniuliza Neema wangu alizaliwa tarehe ngapi, akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka. "Ilinyesha kidole kimoja," akasema, "jioni, na upepo." Mimi baba wa mtoto, niliyesimama nje ya wodi siku hiyo, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ilinyesha.

Msidhani alikuwa mzee wa kupiga ramli ya hali ya hewa. Utabiri aliusikiliza redioni kama sisi, tena alituwekea sauti juu ili tusikie mpaka barabarani. Alichokuwa nacho yeye ni kumbukumbu. Alijua kwamba ikinyesha vizuri siku tatu mfululizo, ya nne ardhi haimezi tena, maji yote yanakuja kwetu. Alijua kwa sababu aliandika, nasi tulishangaa kila mwaka kwa sababu hatukuandika.

Ila kitu kikubwa alichotufanyia ni ile sheria ya mtaro. Mnisikilize hapa, maana ndipo nilipoanguka.

Mtaa wetu uko mteremkoni, nyumba zimefuatana na mtaro mmoja mpaka kwenye korongo. Kabla yake kila mtu alizibua mbele ya kwake. Alichota matope, na kwa kuwa hakuna anayependa matope getini kwake, aliyasukuma kidogo chini, mbele ya jirani. Jirani akayasukuma kwa mwenzake. Ukipita kuuliza nyumba kwa nyumba, wote wamezibua, na jasho wanalo. Ukitazama mtaro, umeziba. Matope yalikuwa yanatembea tu, yakiishia nyumba ya mwisho, ambayo ilikuwa yake.

Yeye akaibuka kwenye mkutano wa mtaa na sheria ambayo watu waliicheka mpaka wakashika mbavu: kuanzia leo hakuna anayezibua mbele ya kwake. Unazibua mbele ya jirani yako wa chini. Mbele yako atazibua wa juu yako. Matope yapelekwe shambani kwa toroli, na asiye na toroli aazime. Watu walicheka, wakajaribu, wakakuta kwamba mtu anayejua jirani yake wa chini anamtazama kupitia dirishani hawezi kusukuma matope kwenda popote. Mwaka ule maji yalipita mtaani kwetu yakaenda zake korongoni. Tangu hapo hakuna aliyecheka.

Alikuwa na namna yake ya kukagua. Hakutazama mtaro. Alikushika mkono akasema, "Lete kiganja," akapapasa kwa kidole gumba. Kiganja hakiwezi kudanganya, na mimi najua, kwa sababu niliwahi kumlipa mtu anizibulie na nikakamatwa mkono laini kama wa mtoto.

Sasa msije mkadhani nawapa malaika. Bibi Shamba alikuwa na vituko vyake, tena vya kutosha.

Alihubiri mtama. Kila mwaka alizunguka akisema mvua siku hizi hazieleweki, aliyepanda mahindi matupu anacheza kamari, pandeni na mtama. Tukampandia mtama. Siku moja Mama Neema, mke wangu, akamwalika chakula, akapika ugali wa mtama kwa heshima yake, mweusi, mzuri. Bibi Shamba alinawa, akautazama, akamega kipande kidogo kama cha kulisha ndege. Kisha akanong'ona kama hakuna wa mahindi. Mama Neema akauliza, "Bibi Shamba, si wewe ndiye unayetuhimiza?" Akajibu bila aibu, "Nimehimiza mpande. Nimesema nani anaupenda?"

Halafu radi. Mama huyu aliyesomea kilimo, aliyetufafanulia udongo na mawingu kwa maneno ya kitabuni, radi ikipiga alifunika kioo cha ukutani kwa khanga na kuvua kila kitu chekundu. Nilimuuliza elimu imekwenda wapi. "Elimu ipo," akasema, "na kioo nimekifunika."

Mara moja kila mwaka, kabla ya vuli, alitufanyisha zoezi. Filimbi inalia, jua linawaka, watu wazima na akili zao wanakimbia kwenda kanisani kutoka kwenye maji yasiyokuwepo. Kila nyumba ilitakiwa kuwa na mfuko nyuma ya mlango: kadi za kliniki, hati ya kiwanja, dawa za mgonjwa, kiberiti, unga kidogo wa uji, vyote ndani ya nailoni, na ukimbie na huo tu. Zoezi la kwanza tulitia aibu. Mwenyekiti alifika na godoro kichwani. Mama Neema alikuja na kuku anayeatamia, pamoja na mayai yake kumi na kikapu, na mfuko wa mlangoni ukabaki mlangoni. Bibi Shamba alimtazama yule kuku muda mrefu. "Huyu," akasema, "ndiye ana kadi ya kliniki?"

Watu wasioweza kutembea aliwapangia watu. Kwa mfano Babu, mzee aliyepooza miguu, aliyekaa kwa mjukuu wake ng'ambo ya barabara, kule chini mteremkoni, alikuwa na watu wawili wa kumbeba kwenye kiti chake: mimi na dereva mmoja wa bajaji. Majina yetu yalibandikwa mlangoni kwa Babu. Tulikuwa tunafanya mazoezi ya kumbeba huku anatutukana kwa Kimbulu kwamba tunamwinamisha.

Hayo yote nilikuwa nayajua, nilikuwa nayapenda, na bado nikafanya nilichofanya.

Nilikuwa nimeshahamia vyumba viwili vya nyuma na nikaanza kujenga vya mbele. Lori la tofali halikuweza kuvuka mtaro kuingia kwangu. Nikamwaga kifusi mtaroni, mawe na changarawe, lori likapita. Nikasema nitakitoa Jumamosi. Jumamosi likaja lori la mchanga. Nikasema nitakitoa likiisha la kokoto. Jirani yangu wa juu, ambaye kisheria ndiye aliyepaswa kuzibua mbele yangu, alikuja na beleshi lake, akaona kifusi, akakuna kichwa, akarudi nalo.

Bibi Shamba aliniuliza mara ya kwanza kwa marahaba yake. Nikasema kesho. Mara ya pili nikasema kesho. Mara ya tatu alinikuta na mafundi, bei ya saruji imepanda asubuhi hiyo, fundi mkuu ananidai maji ya kuchanganyia, nami nimevimba. Nikamwamkia, akajibu, akauliza. Nikasema mbele ya watu wote:

"Bibi Shamba, kila siku mtaro, mtaro! Kiwanja changu, kifusi changu. Huna kazi nyingine ya kufanya? Naomba usiniulize tena."

Mafundi waliinama wakajifanya wanatafuta misumari. Yeye alivuta khanga yake mabegani. "Haya, baba," akasema, akashuka kwenda kwake. Kesho yake nilimwamkia, akaitika "Marahaba." Nikasubiri. Hakuna kilichofuata. Nakiri kwamba siku ile nilifurahi.

Masika ilifunguka wiki hiyo hiyo. Ikanyesha Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jumapili, siku ya nne, saa tisa alasiri, tulisikia filimbi mara tatu ndefu.

Nilimtoa Mama Neema na watoto na mfuko wa mlangoni, nikakimbia kwa Babu. Mwenzangu wa bajaji alikuwa amesafiri msibani Kondoa. Nikasimama pale na kiti nisijue la kufanya, ndipo alipoingia Bibi Shamba mwenyewe, filimbi shingoni, gambuti limejaa maji. Alikuwa akielekea nyumbani kwake kuchukua mfuko wake na lile sanduku. Alitazama kiti, akatazama upande wa mwenzangu, mtupu, akashika mguu wa kiti. Hakurudi tena kwake.

Tulimbeba Babu, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipita mbele ya kwangu. Maji yalikuwa yamefika kwenye kifusi changu yakisimama, yakipanda, yakitafuta njia. Alikitazama kifusi. Kisha akageuza shingo akanitazama mimi, uso kwa uso, juu ya kichwa cha Babu. Nilitamani anitukane.

"Shika vizuri, Baba Neema," akasema. "Unamwinamisha."

Kutoka uwanja wa kanisa tuliona yote. Maji yaliyokuwa yapite mtaroni yaligonga kifusi changu, yakageuka kushoto, yakaingia uani kwake. Nguzo ya chupa ilisimama. Ukuta wa nyuma, wa tofali mbichi, ulisimama kidogo, ukakaa chini. Ilikuwa nyumba moja tu iliyobomoka mtaa mzima. Kila mmoja alijua maji yamegeukia wapi na kwa nini, na hakuna aliyenitazama, jambo ambalo ni baya kuliko kutazamwa. Bibi Shamba alikuwa ameipa mgongo nyumba yake. Alikuwa anatuhesabu kwa ncha ya fimbo, nyumba kwa nyumba, watoto kwa wakubwa. Alihesabu mara mbili.

"Tumetimia," akasema. "Wote tumetimia."

Kesho yake alianika madaftari yake kwenye kamba ya nguo, yamebanwa na vibanio kama soksi. Karatasi zilikauka. Wino ulikuwa umekwisha kuondoka. Nilipita pale nikaona ukurasa mweupe unapepea, nikakumbuka kwamba siku aliyozaliwa binti yangu imo humo mahali fulani, kidole kimoja, jioni, na upepo, na sasa hakuna tena mahali palipoandikwa hivyo duniani.

Nilitoa kifusi siku ile ile, peke yangu, kwa mikono na sururu. Nikaweka kalavati la zege. Nikapeleka saruji na tofali za kuchoma na mafundi wangu, ukuta wake ukasimama kabla ya wangu. Akashukuru. Nikaenda na maneno pia, nikapiga magoti sebuleni kwake, nikasema nisamehe.

"Nimekusamehe, baba. Inuka unywe chai."

Nikanywa chai. Asubuhi nikamwamkia. "Marahaba."

Nilimlalamikia Mama Neema kwamba kusamehewa nimesamehewa, mbona haniulizi? Mke wangu alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata uso. "Ulimwambia asikuulize. Hakuulizi. Unataka avunje amri yako?"

Ndipo nilipoelewa. Wale wote aliokuwa akiwauliza, aliwauliza kwa sababu aliwahesabu kuwa watu wa kutegemewa. Mimi nilijitoa kwenye hesabu kwa mdomo wangu, mbele ya mafundi. Basi nikazibua mtaro mbele ya kwake, fungu langu kisheria, Jumamosi baada ya Jumamosi, misimu miwili. Alikuwa akinipita pale ninapochimba. "Shikamoo." "Marahaba." Wala kiganja hakuomba.

Kisha macho yake yakaanza kuleta ukungu. Binti yake akaja kumchukua akakae naye Maisaka. Siku ya kuondoka aligawa vitu. Fimbo ya duara tatu alimpa mwenyekiti. Filimbi alimpa Mama Neema, yule wa kuku, na leo hii ndiye anayetukimbiza kanisani jua likiwaka, tena bila huruma. Mimi alinipa mkono wa kwaheri. Chupa ilibaki juu ya nguzo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiomba.

Kesho yake saa tatu nilijikuta uani kwake na rula ya Neema. Nikapima. Sifuri. Nikaandika.

Mwezi uliopita, kabla vuli haijaanza, nilikwenda Maisaka. Nilibeba unga wa mahindi, sembe nyeupe, maana namjua, na daftari langu. Nilimkuta barazani kwa binti yake, amevaa gambuti, jua linawaka. Macho yalinielekea lakini hayakunifikia.

"Shikamoo, Bibi Shamba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Baba Neema. Wa Singe."

Akanyoosha mkono akagusa stuli, akanionyesha nikae. Nikamsomea daftari. Nilianza siku ya kwanza ile ya sifuri, nikaendelea, siku baada ya siku, na alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole. Nilipofika siku moja ya mvua kubwa alininyooshea kidole. "Ulipima saa ngapi?" Nikasema saa tatu. "Saa tatu kamili?" Nikasema saa tatu na nusu, nilichelewa kufungua duka. "Basi andika hivyo pembeni." Nikaandika hivyo pembeni.

Tulikunywa chai. Nikamaliza daftari, nikafunga, nikaaga. Nilikuwa nimeshashuka ngazi ya baraza aliponiita.

"Baba Neema."

"Naam."

"Mtaro umezibua?"

Mwanaume mzima, nilisimama pale na makapi ya chai kwenye meno. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwa kuwa hakuwa anayaona.

"Nimezibua," nikasema.

"Wa kwa nani?"

"Wa mbele ya kwako."

"Kwangu si hakuna mtu?"

"Hakuna. Nazibua tu."

"Lete kiganja."

Nikapanda ngazi, nikapiga goti, nikampa. Alikipapasa kwa kidole gumba, taratibu, kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye vidole, akalikuta lengelenge la Jumamosi chini ya kidole cha shahada, akalibonyeza. Niliruka.

"Mpini wa beleshi lako mbovu," akasema. "Ukifika nyumbani uparuze na kipande cha chupa." Lakini hakuniruhusu niende, alikuwa bado ameushika mkono.